Kabla hujalifungua, ujue lilizaliwa kwa kazi gani: kwa fundi anayeanza na magari ya fowili

Vijana mnaoingia gereji sasa mnakuta mambo ya magari ya fowili, yaani yanayoweza kusukumwa na magurudumu yote manne, yamegeuka. Zamani Landrova 109 au Land Cruiser ya miaka ya 1970 ililetwa na dereva wa mradi, wa misitu, wa misheni au wa hospitali ya wilaya, na maneno yake yalikuwa machache: klachi inateleza, springi imekatika, fanyeni haraka kesho tunaingia porini. Siku hizi gari lilelile analileta mtu wa mjini. Kalinunua kwa mapenzi, kalipaka rangi mpya, na anataka limpeleke kazini Jumatatu hadi Ijumaa. Malalamiko yake ni mengine kabisa: stelingi nzito, linaruka, linanguruma, gia ya kwanza inakwaruza, linakunywa mafuta, kwenye kona linagoma. Ukimsikiliza bila kujua gari hilo limetoka wapi, utafungua vitu vizima ukitafuta ubovu usiokuwepo, na ubovu uliopo utaupita.

Ninachotaka mshike tangu mwanzo ni hiki: kila kifaa ndani ya gari la fowili kiliwekwa ili kumjibu mtu fulani aliyekuwa na shida yake. Kuna kifaa cha mwanajeshi, kuna cha mkulima, kuna cha familia ya mjini iliyotaka kwenda milimani wikiendi na kupeleka watoto shule Jumatatu. Ukijua kifaa kilimjibu nani, utajua kinapaswa kufanya kazi vipi, na utaweza kutenganisha asili ya gari na ugonjwa wake. Ugonjwa unatibiwa. Asili anaelezwa mwenye gari, na akitaka ibadilike, ibadilishwe kwa makusudi na kwa gharama anayoijua.

Tuanze na mafundi wenzetu. Otto Zachow na William Besserdich walikuwa mashemeji, na karakana yao ilikuwa kwenye mji mdogo wa Clintonville, jimbo la Wisconsin, Marekani. Mwaka 1908 walipata hataza ya njia ya kupeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya mbele huku magurudumu hayo yakiendelea kukunja. Hapo ndipo ulipo ugumu wote wa fowili. Gurudumu la nyuma lina kazi moja, kusukuma. La mbele lina mbili, kuvuta na kukunja, kwa hiyo lazima liwe na kiungo kinachozunguka hali kimepinda. Kampuni yao ya FWD, pamoja na lori la Jeffery Quad lililotoka Kenosha kwenye jimbo hilohilo, ndizo zilizobeba mizigo ya majeshi kwenye tope la Vita Kuu ya Kwanza.

Zaidi ya miaka 100 imepita, na kiungo kile bado ndicho sehemu ya kwanza ninayowatuma wanafunzi kwenda kuisikiliza. Ingiza fowili kwenye uwanja wa vumbi, kunja usukani hadi mwisho, nenda taratibu. Ukisikia tak-tak-tak inayoongezeka kadiri unavyoongeza mwendo, kiungo cha shafti ya mbele kimelika. Lakini kuna Landrova za zamani ambazo hazina kiungo cha gololi. Zinatumia kros ya kawaida, yaani kiungo cha umbo la msalaba. Hizo stelingi itatetemeka kidogo mkononi kwenye kona kali hata kama kila kitu ni kizima, kwa sababu kros iliyopinda haizunguki kwa mwendo ulio sawa. Mlio ni ugonjwa, mtetemo ule mdogo ni asili. Fundi asiyejua hilo atanunua kros mpya, atazifunga vizuri, na mteja atarudi na lalamiko lilelile.

Baada ya malori hayo ilikuja kazi ya kuyabadilisha magari ya kawaida. Kampuni ya Marmon-Herrington ya Indianapolis ilikuwa ikichukua malori ya Ford miaka ya 1930 na kuyafanya fowili. Kisha mwaka 1940 jeshi la Marekani likataka gari dogo, jepesi, lisilokwama. American Bantam, kampuni ndogo ya Butler, Pennsylvania, kwa michoro ya injinia Karl Probst, ilipeleka la kwanza mwezi Septemba mwaka huohuo. Willys-Overland na Ford ndio waliopewa kazi kubwa ya kuliunda, na hadi vita vinaisha yalikuwa yametengenezwa zaidi ya magari 600,000. Starehe haikuwa kwenye hesabu. Askari alihitaji gari ambalo kila kitu chake kinafikika kwa spana, linalovuka mto, na ambalo likipinduka watu wanalirudisha kwenye matairi yake.

Vita vilipoisha, mkulima ndiye aliyelirithi. Willys walitoa CJ-2A mwaka 1945, na wakaliuza kama msaidizi wa shamba: lina mlango wa nyuma wa kupakia, lina ndoano ya kuvutia, na ukitaka linafungwa PTO, yaani shafti ya kutoa nguvu ya injini nje ya gari kuendesha msumeno, pampu au mashine ya kusaga. Mwaka 1946 Dodge wakatoa Power Wagon, iliyotokana na lori lao la jeshi. Hili ndilo gari ninalopenda kuwaonyesha wanafunzi kwenye michoro, kwa sababu halifichi kitu. Injini yake ilikuwa ya silinda 6, lita 3.8, nguvu farasi 94 tu. Lakini difu yake, yaani boksi la meno katikati ya ekseli linalogawa nguvu kwa magurudumu mawili, ilikuwa ya uwiano wa 4.89, au 5.83 ukitaka ya kazi nzito zaidi. Maana yake, kwa hiyo ya 5.83, propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu) inazunguka karibu mara 6 ili tairi lizunguke mara moja. Mbele liliweza kufungwa winchi inayoendeshwa na injini yenyewe. Kwenye lami lilikuwa linalia na kuchoka mapema. Kwenye kisiki na mtaro lilikuwa halina mpinzani.

Uingereza nako Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa na jeep iliyobaki kutoka vitani, akiitumia kwenye shamba lake kisiwani Anglesey, na akajiuliza itakapokufa atanunua nini. Jibu lake ni Land Rover, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Rover walidhani wataliuza miaka michache tu ili wapate fedha za kigeni, halafu warudi kwenye magari yao ya kifahari. Japani, mwaka 1951, Toyota waliunda gari waliloliita BJ kwa kutumia injini ya lori, na dereva wao wa majaribio Ichiro Taira akapanda nalo Mlima Fuji hadi kituo cha sita. Polisi wa Japani wakalitaka. Jina la Land Cruiser lilikuja mwaka 1954.

Sasa mambo ambayo magari haya ya kwanza yanakudai wewe fundi.

La kwanza ni gia. Landrova za kabla ya Series III ya mwaka 1971 hazina sinkro, yaani kifaa kinacholinganisha mwendo wa meno kabla hayajaingiliana, kwenye gia ya kwanza na ya pili. Mkulima wa Wales hakujali, kwa sababu gia ya kwanza alikuwa anaiingiza gari limesimama. Dereva wa leo anataka kushuka kutoka ya tatu hadi ya pili kwenye mzunguko wa barabara, na meno yanalia. Usikimbilie kushusha gia boksi. Mkalishe mwenye gari pembeni, umfundishe kukanyaga klachi mara mbili: kanyaga, toa gia iwe huru, achia klachi, ongeza mafuta kidogo injini ipande, kanyaga tena, ingiza. Akiweza na gia ikaingia kimya, boksi ni zima. Ikilia hata kwa mtu anayejua, hapo sasa shusha.

La pili linahusu maisha yako. Kwenye Landrova za Series (matoleo ya zamani ya springi za mabapa, Series I hadi III), kwenye Power Wagon na kwenye Land Cruiser nyingi za zamani, breki ya mkono haiko kwenye magurudumu. Iko kwenye dramu moja nyuma ya transifa, yaani boksi linalogawa nguvu kwa propela ya mbele na ya nyuma, inashika propela ya nyuma. Waliiweka pale kwa sababu pako juu ya tope, na kwa sababu ukishika propela unasaidiwa na uwiano wa difu. Breki ndogo inazuia gari kubwa mlimani. Lakini fikiria kinachotokea ukipiga jeki tairi moja la nyuma. Propela imeshikwa, sawa, ila difu iko huru: tairi lililo hewani linaweza kuzunguka upande mmoja na lililo chini likazunguka upande mwingine. Gari linaondoka juu ya jeki huku breki ya mkono imevutwa hadi mwisho. Weka kabari mbele na nyuma ya matairi yaliyo chini kabla hujagusa jeki, kila mara, hata kama mkuu wako ana haraka. Na umwambie mwenye gari asiivute breki hiyo gari likiwa linatembea. Inaumiza kros, difu na hafu shafti (shafti fupi zinazotoka kwenye difu hadi magurudumuni) kwa mara moja.

La tatu ndilo linalojaza gereji. Karibu magari haya yote, fowili yake ni ya kuchagua: unaendesha kwa magurudumu ya nyuma, unaingiza ya mbele unapoyahitaji. Ukishaingiza, propela ya mbele na ya nyuma zinakuwa zimefungwa pamoja, lazima zizunguke sawasawa. Kwenye kona, magurudumu ya mbele yanapita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye tope au vumbi tofauti hiyo inamalizwa na tairi kuteleza kidogo, hakuna anayejua. Kwenye lami kavu tairi halitelezi, kwa hiyo tofauti inabaki ndani ya gari. Shafti zinajipinda, meno yanabanana, stelingi inakuwa nzito, gari linarukaruka kwenye kona kama punda aliyegoma. Mwenye gari akitaka kutoa fowili, mkono haurudi.

Nimeona vijana wakichukua nyundo hapo. Weka nyundo chini. Rudisha gari kinyumenyume kwenye mstari ulionyooka mita chache, huku mkono wa transifa umeusukuma kwa nguvu ndogo tu. Mara nyingi utaruka wenyewe. Ukigoma, piga jeki tairi moja la mbele. Lile tairi likiacha tu ardhi litazunguka ghafla, kwa kishindo, kwa sababu nguvu yote iliyokuwa imejikunja inatokea hapo. Vidole vyako, spana yako na kichwa chako viwe mbali nalo.

Kwenye Landrova za Series kuna jambo la ziada ambalo wamiliki wapya hawalijui. Kitufe cha njano ukikibonyeza kinaingiza fowili kwenye gia kubwa. Mkono mwekundu ukiuvuta nyuma, gari likiwa limesimama, unaingiza gia ndogo na fowili kwa pamoja. Ila kitufe cha njano hakivutwi juu kwa mkono. Ili kutoka, simamisha gari, vuta mkono mwekundu nyuma kisha urudishe mbele, na kitufe kitachomoka chenyewe. Watu wameendesha miezi wakiwa ndani ya fowili bila kujua, wakilaumu pampu ya mafuta kwa sababu gari linakunywa.

Tena usiishie kwa dereva. Gari linaweza kujibana hata kwenye barabara iliyonyooka ikiwa matairi ya mbele na ya nyuma hayalingani. Chora chaki kwenye tairi na kwenye sakafu, sukuma gari hadi tairi lizunguke mara moja kamili, pima umbali kwa tepu; fanya hivyo mbele, fanya nyuma. Vipimo vikitofautiana waziwazi, umempata mchawi. Halafu kuna spea za kuokoteza. Difu ya Series ni ya uwiano wa 4.7, ya Range Rover za zamani na Landrova 110 ni 3.54. Mtu amevunja difu ya nyuma, akapata ya 3.54 kwa bei nzuri, akaifunga, na gari likaenda vizuri sana hadi siku ya mvua alipoingiza fowili. Kuhakiki si kazi ngumu. Nyanyua tairi moja la ekseli, lingine libaki chini na kabari zake, gia iwe huru na breki ya mkono uiachie. Zungusha tairi lililo hewani mara 2 kamili huku mwenzako anahesabu mizunguko ya propela. Akihesabu 4 na zaidi ya nusu, una 4.7. Akihesabu 3 na nusu, una 3.54. Fanya hivyohivyo ekseli nyingine, na zisipofanana usimruhusu mwenye gari aingize fowili hadi atafute ya kulingana.

Nguvu iliyolitoa gari la fowili shambani na kulipeleka mjini ilianza na kitu kidogo kuliko sahani ya chai. Mwaka 1948, huko Seattle, Arthur Warn alianza kutengeneza habu za kufungua kwa ajili ya jeep za jeshi zilizouzwa kwa raia. Raia walikuwa wanaendesha jeep kwenye barabara nzuri huku hafu shafti, difu na propela ya mbele vinazunguka bure, vinakula mafuta na kupiga kelele. Kwa habu ya Warn unashuka, unazungusha kitasa, na gurudumu linakuwa huru kama gurudumu la mkokoteni. Shafti za mbele zinalala. Kwa maoni yangu habu hiyo ndiyo iliyolifanya gari la kazi livumilike barabarani kila siku, kuliko redio na viti vyote vilivyokuja baadaye.

Lakini na habu zina adabu yake. Zikiachwa huru mwaka mzima, oili ya kwenye difu ya mbele haizungushwi, sili zinakauka, beringi zinashika kutu. Mwambie mwenye gari azifunge mara kwa mara na aendeshe kilomita kadhaa hivyohivyo bila kuingiza fowili, oili izunguke. Na umuonye asitumie gia ndogo mlimani huku habu ziko huru, maana nguvu yote iliyozidishwa itakwenda kwenye hafu shafti za nyuma peke yake. Landrova 109 zimekata hafu shafti nyingi kwa kosa hilo. Ukitoa kipande kilichokatika ukikuta chuma kimejisokota kama kamba kabla ya kuachia, hukuhitaji kuambiwa kilichotokea.

Kutoka hapo safari ya kwenda mjini ilienda hatua kwa hatua. Willys walikuwa na gari la familia la bodi ya chuma tangu 1946, na mwaka 1949 wakalipa fowili. Kampuni ya NAPCO ya Minneapolis ilikuwa ikiuza seti ya kugeuza pikapu za Chevrolet na GMC, na kufikia 1957 ungeweza kuagiza Chevrolet iliyofungwa seti hiyo kiwandani. Ford walitoa pikapu yao wenyewe ya fowili mwaka 1959. International Harvester, watu wa matrekta, wakaleta Scout mwishoni mwa 1960: ndogo, paa la kutoa, bei ya mkulima. Walishangaa kuona watu wasio na shamba wanaitaka. Ford wakajibu kwa Bronco mwaka 1965, Chevrolet kwa Blazer ya 1969, ambayo kimsingi ni pikapu iliyofupishwa na kuwekewa paa na viti.

Mnunuzi mpya alikuwa na maombi yake. Alikuwa na mashua ya kuvuta, theluji mlangoni, watoto nyuma, na kiuno ambacho hakijazoea springi za mabapa. Aliyemsikiliza kwa makini kuliko wote ni yule aliyeunda Jeep Wagoneer, iliyotoka Novemba 1962, ikiwa imechorwa na Brooks Stevens. Ilikuwa chini kiasi cha mtu kuingia bila kupanda, ilikuwa na milango minne, na iliweza kuagizwa na gia za otomatiki pamoja na fowili. Kabla yake hakuna aliyekuwa ameuza hivyo viwili pamoja kwenye gari la familia. Iliendelea kutengenezwa hadi 1991.

Bronco ilikuwa na springi za koili, za kuzunguka, mbele badala ya mabapa. Mwezi Juni 1970 Range Rover, kazi ya Spen King na wenzake, ikaweka koili kote mbele na nyuma, breki za diski magurudumu yote manne, injini ya V8 ya lita 3.5, na fowili ya wakati wote. Wakati huo sakafu yake bado ilikuwa ya kuoshwa kwa maji na viti vya plastiki, kwa sababu waundaji walimuona mwenye shamba akirudi na viatu vya tope. Milango minne ilikuja 1981, otomatiki 1982. Ukiipanga miaka hiyo unamwona mteja akibadilika mbele ya macho yako.

Fowili ya wakati wote inataka ubadilishe namna unavyofikiri. Katikati ya propela mbili kuna difu ya tatu, inayoruhusu mbele na nyuma kupishana kwenye kona; ndiyo maana gari hilo halijibani kwenye lami. Lakini difu hiyo ikiwa huru, nguvu inakimbilia palipo rahisi. Ukikata propela moja, au ukifunga habu za kufungua kwenye gari la namna hii na kuziacha huru, gari halitaondoka: injini itavuma, propela isiyo na kazi itazunguka, magurudumu ya nyuma yatabaki yametulia. Utalazimika kufunga difu ya kati ndipo litembee. Nimewahi kuletewa Landrova 110 iliyovutwa kwa kamba, mwenyewe akiamini gia boksi imekufa, kumbe kauziwa habu ambazo gari lake halikuzihitaji. Landrova ilipoacha springi za mabapa na kuwa 110 mwaka 1983, ilirithi koili na fowili ya wakati wote kutoka kwa Range Rover. Kwa macho zinafanana na 109, kwa tabia ni magari mawili tofauti. Soma namba ya chesisi kabla ya kufungua mdomo.

Mafuta yalipopanda bei baada ya 1973, Wamarekani wengi waliokuwa wamenunua pikapu zenye fowili ya wakati wote walizirudisha kwenye ya kuchagua, na mwishoni mwa miaka ya 1970 viwanda navyo vikarudi huko. Kwa hiyo ukikutana na gari la Kimarekani la zama hizo, usiamini kitabu wala stika. Lala chini uone transifa gani imefungwa.

Toyota walikwenda polepole, na kwetu Afrika Mashariki hilo ndilo lililowasaidia. Land Cruiser 40 ilianza 1960 na kudumu hadi 1984 bila kubadilika sana. Kwa familia wakatengeneza 55 mwaka 1967, halafu 60 mwaka 1980, halafu 80 iliyokuja na koili, ambayo ndugu zake wa VX Tanzania waliitwa mashangingi na kuwa gari la mkubwa serikalini. Lakini hawakumtupa mtu wa kazi: mwaka 1984 walimtolea 70, na ndiyo inayobeba watalii Serengeti na Maasai Mara hadi leo, ikiwa imekatwa, imerefushwa na kuwekewa paa la kunyanyua. Gari la kazi na gari la nyumbani yalitoka tumbo moja, yakaachana. Mteja wa 80 ana haki ya kulalamika gari likipiga kelele. Mteja wa 70 mwambie ndivyo lilivyo.

Nirudi kwenye Landrova, kwa sababu mtazishika nyingi, na nyingine zilifungwa hapa karibu, Thika. Baada ya vita Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma cha bati, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Watu wanasema Landrova haiozi. Aluminiamu haishiki kutu kama chuma, ni kweli, ila pale inapogusana na chuma penye unyevu inaliwa na kuwa unga mweupe. Fungua ukingo wa mlango wa gari lililoishi Tanga, Mombasa au Dar es Salaam uone. Ukifunga kipande kipya weka kitu cha kutenganisha kati ya metali hizo mbili, hata kama ni mpira mwembamba au rangi nzito, na usijaribu kuchomelea kwa fito za kawaida. Tumia ribiti kama walivyotumia wao. Ukuta wa mbele wa miguu na chesisi ni chuma, na chesisi ni boksi lililofungwa, linaoza kutoka ndani. Pita nalo kwa nyundo ndogo, gonga kila kiganja kimoja, hasa nyuma ya gurudumu la nyuma na kwenye mikono inayoshika bodi. Chuma kizima kinajibu kwa mlio mkali. Kilichooza kinajibu kizito, na wakati mwingine nyundo inaingia ndani. Fanya hivyo kabla hujamtajia mteja bei ya rangi.

Mteja akisema anataka gari la kila siku, muulize atalipitisha wapi na atabeba nini, halafu mjadiliane kwa ukweli. Kuna mabadiliko ninayoyakubali bila kusita: breki za diski mbele, mikanda ya usalama iliyofungwa kwenye chuma kizima, matairi ya rediali yanayolingana yote manne, pawa stelingi kama kuna nafasi ya kuifunga vizuri. Difu za 3.54 mbele na nyuma zinaipa Series mwendo wa barabara kuu bila injini kupiga kelele, lakini inapoteza nguvu ya kupanda, na mwenye injini ndogo ya dizeli atajuta kwenye mlima wa Kitonga. Ovadraivu za Fairey, yaani gia ya ziada ya mwendo wa barabara, zilitengenezwa kwa shida hiyohiyo na zinamwachia gia zake za mlima. Ukiipata nzima, mimi ningeichagua hiyo. Kupunguza mabapa ya springi ili gari liwe laini sikubali hata akilipa mara mbili. Mabapa yaliyoshikana kwa kutu ndiyo yanayorusha gari mara nyingi. Yafungue, yasugue, yapake grisi, badilisha bushi, na mpe alijaribu kabla hujafikiria kingine. Utaona uso wake.

Likitoka mikononi mwako, mpe tarehe ya kurudi baada ya kilomita mia chache. Siku hiyo kaza tena U-bolti za springi, maana mabapa yaliyosafishwa hukaa upya na bolti hulegea. Fungua nati ya oili ya kila difu na ya transifa, chovya kidole, itazame oili kwenye mwanga: ikiwa na rangi ya maziwa imeingia maji, ikimeta kuna chuma kinalika. Andika ulichokiona kwenye daftari la gari hilo, pamoja na uwiano wa difu na aina ya transifa uliyoikuta, ili fundi atakayelishika baada yako asianze kuhesabu mizunguko upya.